Homa ya Chiriku

Nyumba za Wahadhiri, Chuoni
11 Machi 1991

Mdogo wangu Winchi,

Natumaini barua hii itakukuta umeshuka salama kutoka huko angani unakoendeshea winchi ya bwawa, kazi iliyokupa jina, na kwamba goti la wifi yangu limepoa. Mwambie aipumzishe cherehani kidogo. Anayetaka gauni lake atasubiri, asiyetaka akashone mwenyewe. Mimi ni mzima. Paa la sebuleni linavuja palepale ulipopaziba mara ya mwisho ulipokuja, kwa hiyo fundi ni wewe na lawama ni zako.

Nadhani redio imekwisha kukuambia kwamba chuo kimefungwa. Mwezi uliopita mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alikuwa kwenye mafunzo ya vitendo pale gati la zamani. Winchi ya kufundishia ikaachia mzigo, ukamwangukia. Hakufika hospitali. Utawala ukatoa tangazo kwamba ni uzembe wake mwenyewe, na tangazo hilo ndilo lililowasha moto. Wanafunzi waligoma. Siku moja ya mvua kubwa walifunga lango tunalotumia pamoja na bandari, malori yakapanga foleni mpaka mjini, na msichana mmoja wa uhandisi akapanda juu ya ukuta na kipaza sauti. Alivaa koti la mvua la njano, lile wanalopewa wote wa mwaka wa tatu kwa mafunzo, kofia imemfunika mpaka puani. Polisi walipofika alikuwa ameshuka.

Sasa kamati ya nidhamu inamtafuta, na mimi kama mlezi wa wanafunzi nimo kwenye kamati hiyo.

Binti yako Chiriku siku hiyo alikuwa hapa nyumbani kwangu, ana homa. Nilikusudia kukuarifu, shughuli zikanizidi. Chuo kitakuandikia kuuliza kama ulikuwa na habari za ugonjwa wake. Jibu kwa kifupi kwamba nilikuarifu. Usiandike mengi. Unajijua ukianza.

Wasalimie wote hapo.

Dada yako


Kambi ya Bwawa
3 Aprili 1991

Shikamoo dada,

Sisi huku hatujambo. Ukuta wa bwawa umefika nusu, na wazungumzaji wakubwa kambini wanasema tutamaliza kabla ya mvua zijazo. Wanaozungumza ni wale wasiopanda. Wifi yako goti linamsumbua, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza kama wewe ndiye utakayevaa hizo sare za shule zisizo na vifungo. Anakusalimu sana.

Habari ya kijana yule imeniuma. Winchi hiyo naijua. Ndiyo ileile iliyotolewa bandarini ikapewa chuo, na sisi tulioiendesha hatukuililia. Mungu amrehemu.

Wakati mwingine nikiwa huko juu peke yangu nacheka, dada. Baba yetu alibeba magunia kwenye yale maghala ya forodha mpaka mgongo ukapinda. Kisha wakaweka madawati, wakafundisha makarani na mafundi wa bandari. Kisha wakaongeza ghorofa, wakaita chuo kikuu. Leo wewe unafundisha kemia ndani ya ghala lilelile ambamo baba alikuwa haruhusiwi kukaa hata kupumzika, na mjukuu wake anasomea uhandisi ghala la pili yake. Nikifikiria hivyo naona kila kitu kina maana, hata baridi hii.

Barua ya chuo ilifika. Nimejibu kama ulivyosema, kwamba dada yangu aliniarifu kuwa binti ana homa kali. Hilo "kali" nimeongeza mwenyewe.

Mama yake sijamwambia lolote. Wewe ndiye macho yangu huko. Chiriku amebakiza mwaka huu na mmoja mwingine. Fanya unaloweza, mimi sitauliza umefanyaje.

Mdogo wako


Nyumba za Wahadhiri
29 Aprili 1991

Mdogo wangu,

Nashukuru kwa barua, na nashukuru kwa kujibu upesi. Nimepeleka salamu zako kwa jirani, yule mhadhiri wa hesabu mnayebishana naye kila ukija. Anasema bado unamdai ushindi. Mvua zimepungua. Mimi usingizi umenipaa kidogo, lakini ni mambo ya umri.

Chuo kimefunguliwa. Kamati imemaliza kazi yake. Kama unavyojua, darasa la Chiriku lina wasichana wawili tu, yeye na rafiki yake yule aliyekuja huko kwenu likizo, mwembamba, wanayemwita Bisibisi kwa kuwa hatembei bila bisibisi mfukoni. Mama yake ni dobi, anafua shuka na sare za mabaharia mtaa wa nyuma ya gati. Kamati imeona kwamba aliyekuwa ukutani ni yeye. Amefukuzwa.

Mimi sikumtaja mtu yeyote. Nataka ulijue hilo.

Chiriku ameanza masomo. Anaondoka asubuhi, anarudi jioni, anakula alichokuta. Jina tulilompa halimfai siku hizi, maana sijasikia sauti yake tangu juma lililopita isipokuwa "shikamoo shangazi" na "nimeshiba." Ni uchovu tu. Atazoea.

Ile winchi ya gati la zamani wameipaka rangi mpya, nyekundu.

Dada yako


Kambi ya Bwawa
27 Mei 1991

Shikamoo dada,

Tunaendelea vizuri, isipokuwa mpishi wa kambi ameacha kazi na sasa tunapika kwa zamu. Zamu yangu watu wanne waliomba ruhusa ya ugonjwa. Wifi yako amepata kazi ya kushona mapazia ya ofisi za wakandarasi, anajisikia mkubwa, hatuongei naye ovyo.

Dada, barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Yule Bisibisi namkumbuka. Alipokuja hapa alifungua redio yangu iliyokufa, akaifufua, kisha akaona haya nilipomsifu. Hakuongea maneno kumi siku zote alizokaa. Sasa unaniambia mtoto huyo ndiye aliyepanda ukutani na kipaza sauti?

Sikuulizi kitu. Nimesema tu.

Chiriku alimwandikia mama yake kipande cha barua cha mistari mitatu. Huyo ambaye akitupa habari ya kwenda sokoni lazima ajaze kurasa mbili! Mwambie baba yake anataka barua.

Mdogo wako


Kambi ya Bwawa
8 Julai 1991

Dada,

Shikamoo. Hujanijibu. Posta haijagoma, maana wengine wanapata barua.

Dereva wa lori la saruji ametoka huko pwani. Ananiambia amemwona Chiriku katika nyumba moja ya dobi nyuma ya gati, amejifunga kitambaa kichwani, anapiga pasi. Saa za darasa. Nilimwambia amemfananisha. Akasema, "Mzee, alinisalimia kwa jina."

Nimemlea mtoto huyu kwa mshahara wa kuning'inia juu ya watu. Nikakukabidhi wewe, si mtu mwingine. Kwa nini binti yangu anapiga pasi shuka za mabaharia? Nijibu, na unijibu sawasawa.


Nyumba za Wahadhiri
22 Julai 1991

Mdogo wangu,

Salamu nitazifupisha, unisamehe. Msalimie wifi. Barua yako ya Mei ilifika. Nimeianzia majibu nikayachana, nikaianzia tena.

Chiriku hakuwa na homa.

Siku ile ya mvua nilitoka maabara niliposikia kelele, nikasimama chini ya upenu wa ghala la kwanza. Sura ya msichana wa ukutani sikuiona, lakini nilimsikia. Alisema, "Breki ya winchi hii ilikufa bandarini, wakatuzawadia sisi maiti yake!" Nani anaongea hivyo kama si wewe? Na nani anayo sauti hiyo kama si yeye? Jioni akarudi amelowa chapa chapa, nikamvua lile koti nikalitupa chini ya ngazi, nikampa chai.

Kwenye kamati walikuwa wamekwisha kupata uhakika kwamba koti lile lilikuwa la msichana wa uhandisi mwaka wa tatu. Mwenyekiti akanigeukia kwa upole kabisa, akaniuliza: "Dokta, mpwa wako anakaa kwako. Siku hiyo alikuwa wapi?" Nikasema alikuwa amelala, ana homa. Wakaandika. Hakuna aliyeniuliza mara ya pili. Niliposema sikumtaja mtu nilikuwa sikudanganyi, Winchi. Wasichana walikuwa wawili. Ukimwondoa mmoja huna haja ya kumtaja mwingine.

Wakamwita Bisibisi na mama yake. Mama alisema mwanangu alikuwa nyumbani na mimi, tunapiga pasi, kwa sababu meli ilikuwa inaondoka jioni na shuka zilitakiwa. Mwenyekiti akamwambia mzazi hawezi kuwa shahidi wa mwanawe. Alimwambia hivyo na mimi nimekaa kwenye meza ileile, shangazi mtu, neno langu limekwisha kuandikwa. Niliangalia kalamu yangu. Yule mtoto wakamuuliza, kama si wewe ni nani? Alijua, rafiki yake anamjua mpaka kukohoa kwake. Akasema, "Sijui." Akafukuzwa kwa "Sijui" hiyo.

Chiriku alitaka kwenda kujitaja kabla ya uamuzi. Nilisimama mlangoni. Nilimwambia wasipopata ushahidi watampa mwenzio onyo tu, ngoja kwanza. Nilimwambia ukitoka hapa unamuua baba yako. Akangoja. Tangazo lilipobandikwa alilisoma, akarudi, akafunga nguo zake. Alifika mlangoni akageuka: "Shangazi, ulijua haitakuwa onyo?" Nilijua.

Tangu hapo anakaa kwa yule dobi; habari za masomo yake nilizokuandikia Aprili nilizitunga. Darasani haendi, anasema hataingia mpaka mwenzake aingie. Nakutana naye njiani, ananiamkia, anapita.

Nimeamua kwenda kwa Makamu Mkuu wa Chuo kusema. Nilitaka ulijue kutoka kwangu kwanza.

Dada yako


Kambi ya Bwawa
12 Agosti 1991

Shikamoo dada,

Nimesoma. Nilipanda kazini nikashindwa kuinua mzigo hata mmoja, nikashuka nikasema tumbo linaniuma. Homa imekuwa ugonjwa wa ukoo.

Na mimi nikwambie. Maneno yale aliyosema ukutani ni ya kwangu, ni kweli. Chiriku aliniandikia mara tu baada ya yule kijana kufa, akaniuliza habari za winchi ile. Nikamjibu yote: breki, na jinsi kila mtu bandarini alivyojua. Akaniandikia tena kwamba atapanda ukutani ayaseme hadharani, aone nani atamkataza. Barua yake ilinifikia kabla ya yako. Kwa hiyo uliponiambia ana homa, nilijua. Nilipoandika "kali", nilijua. Nilikuwa nampaka binti yangu ugonjwa kama wao walivyoipaka winchi rangi.

Sasa nakuomba, dada, kwa magoti: usiende. Ukienda utapoteza kazi, na yeye watamfukuza, na huyo mwingine huenda hata wasimrudishe. Watatu badala ya mmoja. Tutafute njia ya kumsaidia mama yake. Tutafute njia nyingine yoyote. Wifi yako anajisifu kambi nzima kwamba ana mtoto mhandisi. Nitamtazamaje?

Ngoja kwanza. Ngoja hata mwezi.

Mdogo wako


Mtaa wa Posta, chumba cha uani
16 Septemba 1991

Mdogo wangu,

Utaona anwani imebadilika, usishtuke. Chumba kina dirisha, na mwenye nyumba ni mama mmoja mpole ambaye anaamini nimekimbia mume. Nimemwacha aamini, ni hadithi nzuri kuliko yangu. Goti la wifi lipakwe mafuta ya moto usiku, nimesikia yanafaa.

Nilikusikiliza nikangoja. Kila asubuhi nilijiambia ninangoja kwa ajili yako, na kila asubuhi nilijua nafuata raha yangu. Siku niliyopiga moyo konde, nilipanda ngazi za utawala nikamkuta Chiriku amekaa kwenye benchi la korido. Alikuwa ametoka ndani tayari. Mtoto amenitangulia. Nilimwona amevaa gauni lile la bluu alilovaa siku ya kwanza ya chuo, amelipiga pasi kama bamba. Nilikaa karibu naye. Nikasema, "Mwanangu, nilikuwa nakuja." Akasema, "Najua, shangazi. Ulikuwa unakuja tangu Machi."

Nikaitwa. Makamu Mkuu alikuwa na faili mbele yake, na Chiriku akaitwa tena asimame karibu yangu. Akaniuliza, "Dokta, msichana huyu amesema yake. Umekuja kumpinga au kumuunga mkono?"

"Kumuunga mkono. Sikusema kweli kwenye kamati."

"Na baba yake? Maana hapa ameandika homa kali."

Barua yako ilikuwa wazi juu ya meza, na mwandiko wako ule wa kulalia upande. Nikasema, "Baba yake hana kosa. Mimi ndiye niliyemdanganya." Chiriku alinitazama, akaitazama barua, akatazama sakafu. Kwa hiyo siku niliyokwenda kutubu uongo nilisema mwingine. Safari hii kwa ajili yako.

Bisibisi amerudishwa, lakini atarudia mwaka mzima. Chiriku amesimamishwa masomo mwaka mmoja. Mimi si mlezi wa wanafunzi tena, na nyumba walinitaka niiache. Kufundisha wameniachia mpaka baraza likae. Winchi ipo palepale, na wekundu wake.

Nilikwenda kwa yule dobi. Sikupewa kiti, na sikustahili. Alikuwa anapiga pasi, hakuiweka chini. Nilisema yote niliyoandaa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia: "Mama, sikulaumu kwa kumpenda wako. Lakini wewe ulisema moja ukaaminiwa. Mimi nilisema kweli tupu nikaambiwa mzazi si shahidi. Hilo nalo utalirudisha?" Akageuza shati upande wa pili. Nilisimama pale mpaka akalimaliza, nikaondoka.

Bisibisi nilimwona maabara juma hili, anarudia somo langu. "Shikamoo mwalimu," akasema, kama wanafunzi wote. Akafungua daftari. Nilidhani nimejiandaa kwa hasira yake. Kwa salamu ile sikuwa nimejiandaa.

Chiriku amepanda basi jana kuja kwenu. Mpokee vizuri.

Dada yako


Kambi ya Bwawa
14 Oktoba 1991

Shikamoo dada,

Chiriku alifika salama. Mama yake alilia, akamkagua kama nguo iliyorudi kwa dobi, kisha akauliza kilichotokea. Mtoto akamwambia yote kuhusu ukuta, kuhusu wewe, kuhusu rafiki yake. Kuhusu mimi hakugusa. Wifi yako alikukasirikia sana. Alikusema wewe siku nzima, akitoboa mapazia kwa sindano, na mimi nimekaa pale nasikia jina lako likifuliwa kwa ajili yangu. Nilikunywa chai. Naona aibu kukuandikia kwamba nilikunywa chai.

Iliendelea hivyo siku kadhaa. Chiriku anapika, anafagia, ananiamkia. Ananiita "mzee." Nikarudi kazini jioni moja nikamkuta nje anachambua mchele, mama yake karibu naye, na yule mama bado anasema, "Shangazi yako huyo! Kumdanganya hata ndugu yake wa tumbo moja!" Chiriku aliinua macho akanitazama mimi, si mama yake. Hapo nikakumbuka ulivyoniandikia, kwamba ile barua yangu ilikuwa mezani wazi mbele yake. Alikuwa anajua tangu siku ile. Na ndiye aliyeniandikia kabla ya kupanda ukutani! Alisafiri njia yote hiyo anajua, akakaa anangoja nifungue mdomo.

Nikasema, "Mama Chiriku, hakunidanganya. Nilijua."

Wifi yako hakuelewa mara moja. Nikarudia. Akaniuliza, "Ulijua mtoto haumwi, ukaandika anaumwa, mtoto wa mwenzio akafukuzwa?" Nikasema ndiyo. Akaingia ndani. Tangu siku hiyo anaongea nami kupitia kwa Chiriku. Wewe amekuandikia barua yake mwenyewe, nimeiambatanisha, sijaifungua.

Chiriku akaniambia, "Waandikie chuo." Nikamwambia mambo yamekwisha, mwenzako amerudishwa, nikiandika nitakuwa namwonyesha shangazi yako ni mwongo mara mbili. Akasema, "Mzee, walichoandika ni kwamba mwanafunzi alikufa kwa uzembe wake. Wewe breki ile uliiendesha. Waandikie."

Basi nikakaa mezani. Niliandika kwamba binti yangu hakuwa mgonjwa siku ile. Niliandika habari ya breki, na majina ya wenzangu wawili walioiendesha pamoja nami. Mkono ulikuwa mzito kuliko kule juu. Nilipomaliza nikampa aisome, maana yeye ndiye msomi.

Alisoma taratibu akiwa amesimama. Pale nilipozungumzia homa nilikuwa nimeandika, "Baadaye niliarifiwa kwamba habari hizo hazikuwa sahihi." Akachukua kalamu mkononi mwangu, akaukata mstari wote. Juu yake akaandika neno moja, "Nilijua." Akanirudishia kalamu nitie sahihi.

Nimetia. Nimeipeleka posta mwenyewe.

Mdogo wako